Mkono Sikioni

Mwalimu wa jiografia alikuwa na jina alilopewa na wazazi wake, lakini pale shuleni halikuwa na kazi. Wanafunzi walimwita Saa Kumi. Mazoezi ya timu ya besiboli yalianza saa kumi alasiri, na aliyefika saa kumi na kidogo alikuta geti la uwanja limefungwa na Mwalimu amesimama nyuma yake, filimbi mdomoni, hana salamu wala maswali. Hakuna aliyethubutu kumwita hivyo mbele yake, lakini jina alilijua, na tukisema ukweli, lilimpendeza.

Asilaumiwe haraka. Alipokabidhiwa timu ile haikuwa timu, lilikuwa kundi la watu wenye magongo. Walivunja vioo vya maabara, walitukana waamuzi, na siku moja walipigana wao kwa wao katikati ya mechi huku timu pinzani imekaa chini inatazama bila kiingilio. Mwalimu akaweka sheria tatu: hakuna kuchelewa, hakuna kupigana, hakuna kubishana na mwalimu. Kosa la kwanza onyo, la pili benchi, la tatu unavua jezi. Aliyenung'unika alipewa jibu lile lile kila siku: sikio halipiti kichwa. Dawa ikafanya kazi. Msimu huu timu ilifika mahali ambapo hakuna aliyeitarajia kufika, na wazazi wakaanza kuja uwanjani, wakijifanya wamepita tu.

Wasichokijua ni kwamba Saa Kumi alikuwa mwoga. Hakuogopa watu, aliogopa mambo. Siku ya mechi chai ilimshinda, na kila gari lililochelewa alikwisha kulizika na waliomo. Zaidi ya yote aliogopa kwamba siku moja atalegeza kamba kidogo tu na vioo vitaanza kuvunjika upya. Ukali wake ulikuwa koti, na ndani ya koti mwenyewe alikuwa anatetemeka.

Kwa asiyeujua mchezo huu: anayepiga mpira kwa gongo hukimbia kupitia vituo vitatu na kurudi alipoanzia, panapoitwa nyumbani, na akifika salama timu yake hupata pointi. Aliyesimama kituoni anaweza pia kuchomoka wakati mrushaji wa upande wa pili anarusha, akawahi kituo kinachofuata kabla hawajamgusa na mpira. Huko kunaitwa kuiba, na ndipo mahali pekee shuleni ambapo mwizi hupigiwa makofi. Ila akiguswa ametolewa, na wakitolewa watatu zamu ya timu yao imekwisha, kwa hiyo haibi kwa kutaka kwake. Husubiri ishara ya kocha kutoka benchi. Saa Kumi akishika kofia, maana yake tulia hapo hapo. Akishika mkanda, jiandae. Akishika sikio la kulia, iba. Ishara hizo alizichagua mwenyewe jioni moja, na ile ya sikio ilimjia bila hata kufikiri.

Mwizi mkuu wa timu walimwita Mshale, mwanafunzi wa mwaka wa tatu, mwembamba, mwenye mbio za ajabu. Kwao kulikuwa mbali. Alilala bwenini kwenye kitanda cha michezo, ambacho shule iliwapa wachezaji wachache wasio na pa kukaa, na sharti lake lilikuwa moja: ukitoka kwenye timu, umetoka kitandani. Malaika hakuwa. Mara moja alichelewa kwa sababu ya usingizi, mara nyingine walikamatana mashati na mrushaji wao kwa ajili ya glavu. Makosa mawili, na kila mtu aliyajua.

Jumamosi ile jua lilikuwa kali hata Mwalimu akavaa miwani yake nyeusi, ile kubwa. Zamu ya mwisho timu ilikuwa nyuma kwa pointi moja, wawili wameshatolewa, na Mshale alikuwa kituo cha pili. Saa Kumi aliona hatari kila upande. Akashika kofia: tulia. Mrushaji wa wapinzani akanyanyua mguu, na Mshale akachomoka. Alikuta mpira umeshamtangulia kituo cha tatu, kwenye glavu ya mtu anayecheka. Mechi ikaishia hapo.

"Nani kakuruhusu kukimbia?" Mwalimu akamuuliza mbele ya benchi zima.

"Wewe, Mwalimu."

"Mimi nimeshika kofia."

"Umeshika kofia, halafu ukashika sikio."

"Unanibishia?"

Mshale alifungua mdomo, akaufunga. Wenzake walikuwa wanatazama viatu vyao.

"Unakosea, unadanganya, halafu unabisha. Hilo la tatu. Vua jezi. Jumatatu mkuu wa shule atajua."

Mshale akaivua. Hakuitupa. Aliikunja vizuri, mkono kwa mkono, akaiweka benchi kando ya Mwalimu, akaondoka na fulana ya ndani. Kuikunja vile ndiko kulikomkosesha raha Saa Kumi jioni nzima. Mwongo angeitupa.

Jumapili asubuhi alikuwa amekaa jikoni na mama yake, aliyekuwa akimenya njegere kwenye ungo. Mbele ya Mwalimu chai ilikuwa inapoa. Alikuwa akipanga maneno ya kumwambia mkuu wa shule, na kila alipoyapanga yalianguka, kwa sababu kitu kingine kilimkereketa: lile benchi. Wavulana wale hawakuweza kunyamaziana hata kwa chupa ya maji. Mbona jana hakuna hata mmoja aliyemwambia Mshale anadanganya?

"Acha sikio," mama yake akasema bila kuinua macho.

"Sikio gani?"

"Lako. Tangu ukae hapo unalivuta tu. Litang'oka."

"Mimi?"

"Hapana, jirani." Mama akatupa ganda. "Tangu mdogo unalo hilo. Siku ya mtihani wako wa kwanza ulirudi nalo limevimba, marehemu baba yako akataka kwenda kugombana na walimu."

Mwalimu akautazama mkono wake wa kulia. Ulikuwa karibu na shingo, unashuka polepole.

"Mama, huwa nafanya hivi mara nyingi?"

"Ukiwa na wasiwasi tu." Mama akafikiri kidogo. "Yaani, ndiyo, mara nyingi."

Aliondoka bila kubadilisha kandambili. Njia nzima alikuwa akijitetea kwa sauti ndogo: huenda alishika jana, huenda hakushika, na hata kama alishika, mchezaji mzuri angejua. Alipofika bwenini alimkuta Nahodha wa timu bombani, mikono yote miwili ndani ya beseni la jezi, povu limefika kwenye viwiko.

"Nahodha. Jana, kabla Mshale hajakimbia, nilishika nini?"

Nahodha alikamua jezi iliyokwisha kukamuliwa. "Mwalimu, mimi nilikuwa..."

"Niambie tu. Hakuna kosa."

"Kofia. Halafu sikio."

"Una hakika?"

"Wote tuliona, Mwalimu. Mimi mwenyewe nilitaka kukimbia, na nilikuwa nimekaa benchi."

"Wote? Na mkanyamaza?"

"Si umetukataza kubishana."

Hakulisema kwa kejeli. Alilisema kama mtu anayemkumbusha mwenzake bei ya sukari. Kisha, kwa kuwa ameshaanza na hakuna kilichomwangukia, akaendelea. "Na siyo jana tu. Huwa unashika kila mechi. Sisi tunaangalia uso. Ukishika sikio na uso umetulia, tunaiba. Ukishika na uso umekunjamana, tunajua ni wasiwasi wako, tunakaa. Jana ulivaa ile miwani."

Saa Kumi alikaa kwenye ukingo wa saruji pale bombani, palipolowa, asijali. Msimu wote alikuwa amejisifu moyoni kwamba ameinyoosha timu ile kwa sheria tatu. Kumbe timu ndiyo iliyokuwa ikimbeba yeye, kimya kimya, na siku waliposhindwa kumwona uso, alimtupa mmoja wao nje. Nyani haoni kundule, ni kweli, lakini aibu aliyoiona siku ile ilikuwa ya kuonwa na watoto wa watu ambao tayari walishamsamehe.

"Mshale yuko wapi?"

"Kaenda stendi. Hakutaka kungoja Jumatatu. Basi la kwao linaondoka saa sita."

Alikimbia. Mwalimu wa jiografia, mtu mzima, kandambili zinampiga visigino, alikimbia kupita dukani, kupita kwa fundi viatu aliyemwuliza kuna nini, kupita ukuta mrefu wa karakana ambao siku nyingine huwa mfupi. Kichwani aliliona basi limeshaondoka. Aliliona limepinduka. Alimwona kijana yule katika miaka kumi ijayo, akimweleza mtu jinsi alivyoacha shule.

Basi lilikuwepo, mlango wazi, kondakta anapakia mizigo. Mshale alikuwa amekalia begi lake kwenye kivuli cha kibanda cha tiketi. Alipomwona alisimama, mazoea hayana breki.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba." Pumzi ilimkatika. "Nilishika sikio."

Mshale akajikung'uta vumbi la suruali.

"Nimeuliza, nimeambiwa. Nilishika, na sikujua. Ulisema kweli."

"Nilisema."

"Mbona hukusisitiza?"

"Mara ya kwanza umesema nabisha. Ningesema ya pili ungesemaje?"

Mshale akakaza zipu ya begi. Alisema amekwisha kumpigia bibi yake, aliyemlea, akamwambia amefukuzwa kwa uongo. Bibi amesema arudi tu. Mjomba ana gereji, hakosi pa kushika spana.

"Nipigie bibi yako," Mwalimu akasema.

Simu iliita muda mrefu, kisha ikasikika sauti ya mwanamke mzee na kuku nyuma yake.

"Shikamoo, mama. Mimi ni mwalimu wa mjukuu wako, yule wa timu. Nimepiga kukwambia kwamba mwongo ni mimi. Yeye alisema kweli, nikamfukuza. Naomba unisamehe."

Upande wa pili kuku wakalia tena.

"Marahaba, mwanangu," bibi akasema mwishowe. "Sasa hayo si ungemwambia yeye? Mimi hukunifukuza."

Mwalimu akairudisha simu. Kuomba radhi kwa mtu mzima mwenzake kulikuwa kumemtoa jasho. Kumwomba mwanafunzi kulimkausha mate. Sikio likaanza kumwasha. Akaukamata mkono wa kulia kwa wa kushoto.

"Nisamehe," akasema. "Nilikukosea mbele za watu, na nitalisema mbele za watu."

Dereva akapiga honi. Mshale alilitazama basi, akalitazama begi.

"Nikirudi, halafu ukashika tena?"

"Nitashika. Siwezi kukudanganya, kwa umri huu mkono umeshazoea."

"Sasa mimi nitajuaje?"

"Utaniuliza."

"Kuuliza si kubishana?"

"Nilikuwa sijui tofauti yake," Saa Kumi akasema, na ilikuwa kweli tupu.

Honi ya pili. Kondakta akawatazama akaona hapa hakuna abiria, akabamiza mlango. Mshale bado hakusema kwamba anarudi.

"Jezi yangu iko wapi?"

"Nahodha anaifua."

"Ataiharibu huyo, anajaza sabuni," akasema, na akalibeba begi.

Mkuu wa shule hakupendezwa hata kidogo. Jumatatu alimsikiliza Mwalimu huku anagongagonga meza kwa kalamu. "Ukiwaomba radhi hawa, kesho watakukalia kichwani," akamwonya. "Na vioo ni vyangu, si vyako." Ndilo hasa alilokuwa akiliogopa Saa Kumi, na kulisikia kwa mdomo wa mwingine kulilifanya liwe kubwa zaidi. Hata hivyo saa kumi alasiri alisimama mbele ya timu na kueleza yote: sikio, miwani, uso, Mshale. Akasema sheria ya tatu imebadilika. Kuuliza ruhusa.

Mrushaji, yule wa ugomvi wa glavu, akanyoosha kidole. "Mwalimu, naomba kuuliza. Hiyo miwani utaivaa tena?"

Wakacheka kwanza kwa woga, kisha kwa uhuru, na yeye akacheka nao, ingawa ndani alikuwa anahesabu ni wangapi wanamcheka yeye na wangapi wanaicheka miwani. Wiki ile waliuliza mpaka wakavuka mpaka. Mbona tunazunguka uwanja kabla ya kurusha? Mbona geti lifungwe? Mbona fulani ndiye wa kwanza kupiga? Jumatano kioo cha maabara kikavunjika. Aliyekivunja akaja mwenyewe na ufagio mkononi, lakini Mwalimu hakupata usingizi. Alishaona mwanzo wa mwisho. Kila jioni alirudi nyumbani akiamini kwamba amewarudisha wale wavulana kuwa watu wenye magongo, na mama yake akimwambia aache sikio.

Jumamosi ilikuwa mechi ya mwisho ya msimu. Wakishindwa, wamekwisha. Wazazi walikuja, na safari hii hawakujifanya wamepita. Mkuu wa shule alisimama kando ya uzio, mikono nyuma. Miwani ilikuwa kwenye droo nyumbani.

Zamu ya mwisho ikawa kama kwa makusudi: nyuma kwa pointi moja, mmoja wao ameshatolewa, Nahodha kituo cha kwanza, Mshale kituo cha tatu, hatua chache tu kutoka nyumbani. Na Saa Kumi akaona kitu. Mrushaji wa wapinzani alikuwa amechoka. Kila mara kabla ya kurusha aliinama, akatazama vumbi, akakaa hivyo muda mrefu. Ulikuwa muda wa kutosha kwa mwizi.

Safari hii alitaka. Akashika sikio, kwa kusudi, kwa mara ya kwanza akijua anachokifanya. Lakini alikuwa na hofu, na uso wake ukakunjamana kama karatasi iliyofinyangwa.

Mshale akatazama sikio. Akatazama uso. Kisha akanyoosha mkono wake juu, katikati ya mechi, kama yuko darasani.

"Mwalimu," akaita, na uwanja mzima ukasikia. "Ni ishara au ni wasiwasi?"

Kuna mzazi alicheka. Mdakaji wa wapinzani, anayelinda nyumbani, akageuka. Mrushaji wao akainuka kutoka kwenye vumbi lake. Mkuu wa shule akalisogelea zaidi uzio. Kila mtu aliyekuwa na macho alikuwa anajua sasa kinachokuja, na Saa Kumi alikuwa na nafasi ya kushika kofia, kuyamaliza, asiumbuke. Lakini kijana ameuliza, na alimwahidi jibu la kweli.

"Ishara," akasema.

Mshale akakimbia. Alikimbia kwa nguvu zake zote, akateleza kifudifudi na vumbi likawafunika, na vumbi lilipotulia glavu ya mdakaji ilikuwa begani kwake na mkono wake haujafika nyumbani kwa upana wa kiganja. Mwamuzi akaonyesha kidole gumba. Ametoka. Katika vurugu ile Nahodha aliwahi kituo cha pili. Ilibaki nafasi moja.

Mshale alirudi benchi, magoti yamechubuka, akakaa kando ya Mwalimu. Hakuna aliyemsogelea. Benchi zima lilikuwa linangoja kusikia.

"Nimeuliza," akasema, akitazama mbele.

"Nimesikia."

"Na wao wamesikia."

"Wamesikia," Mwalimu akasema. "Umefanya vizuri kuuliza. Siku nyingine tutafute njia ya kuuliza bila kupiga kelele."

Mshale aliguna, na huko kuguna kulikuwa karibu na kucheka. Kwa mpigo wa moyo mmoja Saa Kumi alisahau kuogopa. Kisha akakumbuka. Mpigaji wa mwisho alikuwa ameshachukua gongo, mrushaji anainama, mkuu wa shule yuko pale pale, na kule kituo cha pili Nahodha, mguu mmoja mbele, alikuwa amemkazia macho yeye, anangoja kuambiwa. Mkono wake wa kulia ukaondoka pajani wenyewe, ukapita kifuani, ukapita kolani.

Vidole vyenye vumbi vikaukamata kwenye kifundo. Mwanafunzi kumshika mwalimu mkono mbele ya shule nzima ni jambo lisilokuwa katika sheria yoyote, ya zamani wala mpya. Mshale aliushusha polepole, akaurudisha pajani, na hakuuachia.

"Bado, Mwalimu," akamwambia kwa sauti ya chini. "Tulia."

Mwalimu akauacha mkono wake pale.